Mti Uliokataliwa na Wapasua Mbao

Ndugu msomaji, hebu inua macho kidogo kutoka gazetini uutazame ukuta wa sebule yako. Iwapo nyumba yako inafanana na nyingi nilizobahatika kukaribishwa, kuanzia Ilala hadi Kihesa na kuanzia Kihesa hadi Mwanjelwa, basi utaona picha ya arusi, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa, na picha moja ya mandhari. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiulizia. Aghalabu huwa na mlima wenye theluji, ziwa lililotulia, kijumba cha mbao na miti iliyochongoka kama mikuki. Ni mandhari ya wapi? Nilipata kumwuliza mwenye nyumba mmoja, fundi wa magari, mtu mwerevu na msemaji. Aliitazama picha yake kana kwamba ndiyo kwanza aione, kisha akanijibu kwamba labda ni Ulaya.

Sina ugomvi na Ulaya wala na theluji yake. Hata nyumbani kwetu Iringa, nilikokulia, ilikuwako picha ya namna hiyo juu ya redio, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba huko ndiko msitu wa kweli ulikokuwa. Jambo la ajabu ni kwamba mama yangu alizaliwa Rungwe. Alikua akiuona msitu wa asili kila alipofungua mlango asubuhi, wenye miti mikubwa iliyovaa kuvu na ukungu, na nyani wakipiga kelele mabondeni. Kwa miaka yote aliyokaa Iringa hakuwa na picha hata moja ya msitu ule. Haikuwapo dukani. Hakuna aliyekuwa ameichora ikauzwa.

Mwezi Julai mwaka jana nilisafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda kwa wajomba zangu, kuhudhuria kikao cha ukoo. Anayeifahamu barabara hiyo anajua kwamba ukiikaribia Mafinga miti huanza kujipanga. Hiyo ni miti ya paini na mikaratusi ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali katika nchi yetu, ambalo majaribio yake yalianza kabla ya Uhuru na ambalo ndilo lililokiwezesha kiwanda cha karatasi cha Mgololo kuanzishwa katika miaka ya 1980. Ni mali. Huenda hata karatasi ninayoiandikia ilitoka humo. Lakini kijana mmoja aliyeketi dirishani, mwanafunzi kwa sare yake, alimwambia mwenzake, "Tazama msitu ulivyo mkubwa!" Nikataka kumgeukia nimwambie kwamba lile ni shamba, kama lilivyo shamba la mahindi, tofauti yake ikiwa ni muda wa kungojea mavuno. Katika msitu wa asili mti haukumsubiri mtu aupande, wala majirani zake si ndugu zake wa tumbo moja. Nilinyamaza. Mtu mzima anayewasahihisha watoto wa wenzake ndani ya basi hapendwi na abiria.

Kikao cha ukoo kilihusu kipande cha ardhi kisichozidi ekari mbili. Kiko bondeni, chini ya nyumba ya marehemu bibi, na ndicho pekee katika eneo letu ambacho jembe halijakigusa. Kina miti ya asili ya kila namna, chemchemi inayozaa kijito, na katikati yake mkuyu mmoja mkubwa ambao watu wanne wakishikana mikono hawauzungushi. Mjomba mkubwa alitaka kipande hicho kifyekwe na kupandwa maparachichi. Nisingependa msomaji amdhanie kuwa ni mtu wa tamaa. Ana watoto wawili vyuoni. Ameona jirani zake wakiezeka mabati mapya kwa fedha za maparachichi yanayonunuliwa na kusafirishwa ng'ambo, na ardhi ya Rungwe, kama ajuavyo kila mwenyeji, imekwisha kugawanywa hadi mipaka ya mashamba inaweza kurukwa kwa hatua moja. Alituuliza swali ambalo hakuna hata mmoja kati yetu sisi wa mjini aliyekuwa na jibu lake, "Miti hiyo inamlipia nani karo?"

Kabla ya kikao alikuwa ameshawaita wapasua mbao wapime. Walipima, wakaweka alama za rangi kwenye miti iliyowafaa, lakini ule mkuyu wakaukataa. Mbao za mkuyu ni laini, huoza upesi na kuliwa na wadudu, kwa hiyo hazina bei. Mkubwa wao aliupiga teke kidogo, akaenda zake.

Nilipoambiwa habari ya teke lile nilimkumbuka mwanamke mmoja ambaye habari zake nilizisoma zamani na ambaye sijapata kumsahau. Aliitwa Emily Carr. Alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Victoria, pwani ya magharibi ya Kanada, mahali ambapo mvua hunyesha kama inyeshavyo Tukuyu na miti ya kale hukua kwa mamia ya miaka hadi kuzidi urefu wa minara. Alisomea uchoraji San Francisco, kisha Uingereza, kisha Ufaransa. Akarudi kwao akiwa na ujuzi mpya na rangi kali, na watu wa kwao wakamcheka. Alikuwa amezunguka katika vijiji vya wenyeji wa asili wa pwani ile akichora nguzo zao zilizochongwa. Alipotaka Serikali ya jimbo lake izinunue picha hizo, ilikataa.

Basi alifanya nini? Alifanya alivyofanya mama mwingi wa mjini ambaye mshahara haumtoshi: alipangisha vyumba. Kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu 1913, alikuwa na nyumba ya wapangaji. Alipika, akafua mashuka, akabishana na wasiolipa kodi, akafuga mbwa wa kuuza, akafinyanga vyungu vya kuwauzia watalii. Alikuwa pia na kima mmoja aliyemwita Woo, ambaye alimshonea nguo na kumtembeza mjini, jambo lililowafanya majirani wahakikishe kwamba mwanamke yule hakuwa mzima wa akili. Katika kipindi kirefu cha miaka hiyo hakuchora ila kidogo sana. Mtu angalidhani kwamba kipaji chake kimekwisha kuzikwa chini ya mashuka ya wapangaji.

Mwaka 1927, akikaribia umri wa miaka 56, picha zake zilichukuliwa na kuonyeshwa Ottawa, na hapo wachoraji mashuhuri wa nchi yake wakamtambua kuwa ni mwenzao. Kuanzia hapo ndipo alipouelekea msitu. Mwaka 1933 alinunua gari bovu la kukokotwa, akalipa jina la Tembo, na kila kiangazi alilipeleka porini akaishi humo na wanyama wake. Kwa kuwa turubai na rangi za mafuta zilikuwa ghali, alichora kwenye karatasi za kawaida za bei nafuu na kuzimua rangi kwa petroli. Ninawaomba wazazi wanaosema kwamba uchoraji ni anasa ya matajiri waifikirie petroli ile. Hata kwetu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini aliyefariki mwaka 1972, alianza kwa rangi za kupakia baiskeli na vipande vya mbao za dari, na leo jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji.

Mwaka 1935 Carr alichora picha ambayo hasa ndiyo iliyonijia kichwani pale bondeni. Inaonyesha mti mmoja mrefu, mwembamba, uliosalia peke yake mahali ambapo wenzake wote wamekatwa. Umesalia kwa kuwa wakataji hawakuuona kuwa na faida. Mchoraji ameuinua mti ule hadi kileleni, na mbingu yote inauzunguka kwa duara za mwanga kana kwamba inaukumbatia. Jina aliloipa picha hiyo lasema kwamba mti huo ulidharauliwa na wafanyabiashara wa mbao lakini ukapendwa na mbingu. Katika picha nyingine za miaka hiyo alichora visiki, na visiki vyake havikupambwa. Vimesimama uwandani kama meno yaliyovunjika.

Carr hakuunda chama cha kulinda misitu, wala sijui kama kuna mti hata mmoja uliookolewa na picha zake akiwa hai. Alifariki mwaka 1945. Lakini mwaka 1989, katika jimbo lile lile, kampuni ilipokusudia kukata bonde la Carmanah lenye miti ya kale mno, mmojawapo ukiwa na urefu wa mita zipatazo 95, watetezi wa bonde hilo waliwaalika wachoraji waende huko. Wakaenda kwa makumi, wakachora kwenye mvua na matope, picha zao zikachapishwa katika kitabu na kuuzwa. Watu wa mijini ambao wasingeweza kulifikia bonde lile kwa miguu waliliona sebuleni kwao. Mwaka uliofuata sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa hifadhi, na mwaka 1995 sehemu iliyobaki ikaongezwa. Sisemi kwamba ni picha peke yake zilizofanya kazi hiyo, kwani palikuwapo pia wanasiasa, wanasheria na maandamano. Nasema tu kwamba mtu hulipigania kwa shida jambo asilopata kuliona.

Kwetu je? Tunaye Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere na London, akawa Balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya Uhuru, na hata katika ubalozi hakuiweka brashi chini. Kilimanjaro yake haina theluji ya kuwafurahisha watalii tu. Ina vilima vya kijani, migomba, njia za vijijini na watu wengi wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja. Picha yake moja ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ntiro alifariki mwaka 1993. Mlima wa kwao ulimpata mtu wake. Milima ya Rungwe, Uporoto na Udzungwa haijapata mchoraji ambaye jina lake na jina la msitu hutajwa kwa pumzi moja, na mimi naona kuwa hilo ni pengo.

Hata hivyo, kuna kisa kimoja cha picha na msitu wetu ambacho kila mtoto wa Mbeya na Iringa angepaswa kukijua. Wawindaji wa Rungwe tangu zamani walikuwa wakimtaja mnyama mwenye haya, aina ya kima, waliyemwita kipunji. Wataalamu walipoambiwa habari zake hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi, kwa sababu milimani humo hadithi ni nyingi. Mwaka 2003 kundi la watafiti likiongozwa na Tim Davenport lilimwona katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, katika safu ya Udzungwa upande wa Iringa, mamia ya kilomita kutoka huko. Ana manyoya marefu ya kahawia, yaliyosimama kichwani kama kishungi, na hulia kwa mlio wa kubweka ambao haufanani na wa kima mwingine yeyote.

Sikiliza sasa sehemu inayotuhusu. Kwa desturi, mnyama mpya hatambuliwi na sayansi mpaka mwili wa mmoja wao uwekwe makumbusho. Wataalamu hawa hawakutaka kumwua hata mmoja, kwa jinsi walivyokuwa wachache. Mwaka 2005 walimtangaza kipunji kwa ulimwengu kwa kutumia picha yake akiwa hai mtini, na picha ile ndiyo iliyosimama mahali pa maiti. Walikuwapo wenzao waliopinga. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima shambani mwa mahindi huko Rungwe, na uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kwamba ni wa ukoo wa peke yake. Kwa zaidi ya miaka themanini hapakuwa pamepatikana ukoo mpya wa kima katika Afrika. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba wote pamoja walikuwa 1,117. Idadi hiyo haifikii wanafunzi wa shule moja kubwa ya msingi mjini Mbeya.

Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo pamoja na msitu wa Livingstone ulifanywa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2009 Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini hifadhi ina mpaka, na nje ya mpaka huo kuna mabonde mengi madogo kama letu, ambayo hayana mlinzi wala kibao, na yanaamuliwa na wajomba wenye karo za kulipa.

Tuliketi uani kutwa nzima. Binamu yangu mmoja, mwalimu, alieleza kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mjomba akamjibu kwamba sheria hiyo imekuja na kuikuta chemchemi imekwisha kulindwa na bibi kwa fimbo. Wote tukacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Enzi za bibi hakuna aliyeingia bondeni na panga. Lakini kicheko hakikuleta muafaka. Shangazi mmoja alitaka ipandwe mikaratusi, ambayo haina gharama, na alipoambiwa kwamba mikaratusi hunywa maji akaghadhibika na kutuuliza ni nani miongoni mwetu anayechota maji pale siku hizi. Na hilo pia lilikuwa swali zuri.

Mpwa wangu, binti wa darasa la tano, alikuwa ametumwa bondeni kuchota maji ya kupikia chai. Alichelewa mno. Aliporudi mama yake alimpokea kwa ukali, na hapo ndipo tulipojua kwamba alikuwa ameketi chini ya mkuyu akiuchora mgongoni mwa kalenda ya zamani, kwa penseli na vipande vya kalamu za rangi. Mama yake akaikunja karatasi ile, tayari kuitia jikoni. Mjomba akanyosha mkono, akasema ailete aione.

Aliitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atasema inapendeza, kama wasemavyo watu wazima kwa watoto, kisha airudishe. Badala yake alivaa miwani.

"Hapa umekosea, mjukuu wangu," alisema. "Tawi hili haliendi hivi. Linashuka kwanza mpaka karibu na maji, ndipo linapanda."

"Siyo, babu. Linapanda tu. Nimelitazama."

"Umelitazama leo. Mimi nililikalia kabla mama yako hajazaliwa. Lete penseli."

Basi mzee yule, mwenye vidole vinene vya kushika jembe, alianza kulisahihisha tawi. Akaongeza shimo shinani walimokaa nyuki. Akaweka jiwe alilolitumia bibi kufulia, ambalo sasa limezama. Akauliza kwa nini chemchemi haionekani, na mtoto akamjibu kwamba karatasi ilikwisha. Kikao kizima kilikaa kimya kikimngoja. Sijapata kuona ajenda ikisimamishwa namna ile, na nimehudhuria mikutano mingi kwa ajili ya kazi yangu.

Nisingependa kumdanganya msomaji kwamba penseli ilimaliza kila kitu. Jioni tulikubaliana kwamba sehemu ya juu, iliyo mbali na kijito, ipandwe maparachichi, na miti minne iliyokuwa imetiwa alama huko imekwisha kukatwa. Niliwasikia wapasua mbao wakifanya kazi asubuhi ya siku niliyoondoka, na sauti ya msumeno ilinifuata hadi barabarani. Sehemu ya chini, pamoja na chemchemi na mkuyu, imeachwa. Imeachwa mpaka lini, kikao hakikusema. Mjomba aliagiza tu kwamba ajenda hiyo irudi baada ya watoto wake kumaliza chuo.

Nilipopita Mwanjelwa nilinunua boksi la kalamu za rangi kumi na mbili na kulituma kwa dereva wa basi la kwenda Tukuyu. Mwezi Septemba ilikuja barua. Mpwa wangu ananishukuru, ananijulisha kwamba picha ya mkuyu imebandikwa sebuleni kwa babu yake juu ya ile ya theluji, na kwamba nyekundu, zambarau na waridi bado ni nzima kabisa. Anaomba nikituma tena nitume kijani tupu, kwa sababu boksi lile lilikuwa na mbili tu na zote zimekwisha kabla hajafika kwenye matawi ya juu.